Safari za Asubuhi na Mipaka ya Jiji Kubwa

Msafiri atokaye Lewisville, jimboni Texas, Marekani, alfajiri kuelekea kusini kwa barabara kuu ya 35E huvuka mpaka wa kaunti ya Denton na kuingia kaunti ya Dallas pasi na kuona lango wala nguzo, kwa maana nyumba na maduka yafuatana kuume na kushoto bila kukatika. Walakini safari hiyo, ikijumlishwa na za majirani zake katika daftari za serikali, ni miongoni mwa zinazoamua mji wake, wenye meya wake na watu 111,822 kwa sensa ya mwaka 2020, uhesabiwe upande gani wa jiji kubwa la Dallas na Fort Worth.

Kaida rasmi ya kuyatambua majiji haya ilianza mwaka 1949, na leo yasimamiwa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, ambayo haitazami fahari ya majumba wala hati za madiwani, bali hutafuta kitovu cha watu waliosongamana wasiopungua 50,000, ikazichukua kaunti zinazokibeba, kisha ikaongeza zile za pembeni ambazo angalau robo ya wafanyakazi wake hutafuta riziki katika kaunti za kitovu, au ambazo robo ya ajira zake hushikwa na watu watokao huko. Kaunti ya Denton, ulimo mji wa Lewisville, kwa kuwa ni mojawapo ya zinazobeba kitovu, haikuhitaji mizani hiyo ya pili. Kaunti huchukuliwa nzima, na hapo pana dosari: mfugaji wa ng'ombe wa kaunti ya Wise huhesabiwa mtu wa jiji sawasawa na karani wa ghorofani Dallas. Hata hivyo naiona kaida hii bora kuliko kufuata mipaka ya utawala peke yake. Kwetu, mkazi wa Kibaha adamkaye kuwahi basi la Dar es Salaam huandikwa na sensa mtu wa Pwani, na hesabu ya jiji analolijenga kila siku kwa mikono yake humwacha nje.

Kitovu kikifikia watu milioni 2.5, eneo laweza kugawanywa tena, maadamu ndani yake zimo kaunti zitoshelezazo wafanyakazi wake zenyewe. Fort Worth, ulio kilomita kama 50 magharibi ya Dallas, una ajira zake tele. Ndiyo sababu eneo hilo la kaunti 11 na watu 7,637,387 kwa sensa ya 2020 limekatwa mapande mawili, kaunti 7 kwa Dallas, Denton ikiwemo, na 4 kwa Fort Worth. Houston, ambalo eneo lake nalo lina watu zaidi ya milioni 7, halikukatwa, kwani kaunti ya Harris peke yake, yenye watu 4,731,145 kwa sensa hiyo hiyo, yawavuta wafanyakazi wa pande zote.

Lakini Lewisville ina mipaka mingine isiyolingana na hiyo. Treni ya A-train ipitayo hapo, iliyoanza mwaka 2011, huwafikisha abiria wake kituo cha Trinity Mills, mjini Carrollton, ambako aendaye Dallas hupanda treni ya shirika jingine. Kadhalika Ziwa Lewisville, lililopatikana miaka ya 1950 kwa kuuzuia mto Elm Fork, limo ndani ya kaunti ya Denton, ilhali jiji la Dallas lina haki katika maji yake, nayo huteremka kwa mto uo huo hadi mitambo ambayo Dallas imeijenga Carrollton kuyasafisha.