Milango Miwili ya Shule Teule kwa Mtoto wa Kuresoi

Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mzazi wa Keringet au Olenguruone huko Kuresoi anayemtakia mwanawe shule yenye ushindani mkali ana milango miwili. Wa kwanza ni wa serikali, ambapo nafasi ya Gredi ya 10 hutegemea alama zinazokusanywa kwa miaka: asilimia 60 hutokana na KJSEA, yaani tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9 iliyoanza mwaka 2025, asilimia 20 hutokana na tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, na zilizosalia hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, hivyo anayesubiri Gredi ya 9 ndipo ahimize masomo amekwisha kupitwa na asilimia 40.

Wa pili ni wa shule binafsi za mtaala wa Uingereza, mfano wa St Andrew's ya Turi, karibu na Molo, iliyoanzishwa mwaka 1931. Shule za aina hiyo kwa kawaida humpima mtoto zenyewe, hasa kwa Kiingereza na hisabati, na hapo kukariri hakumfikishi mbali. Akielezwa kwamba gunia la viazi la kilo 50 lilinunuliwa kwa shilingi 2,000 na kilo 10 zikaoza, sharti aonyeshe, hatua kwa hatua, kwa nini kila kilo iliyobaki iuzwe shilingi 50 ili mtaji urudi. Masomo ya ziada ya likizo, ambayo wengi huyakimbilia, yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Lakini vitabu vya hadithi, vinavyomjengea mtoto Kiingereza hicho, havikupigwa marufuku.