Funika Kombe, Bakteria Afe Njaa

Mama mmoja wa Mwanza ametuandikia kwa hasira. Alimpeleka binti yake wa miaka sita kutibiwa gego la utoto lililotoboka. Daktari hakumchoma sindano ya ganzi, hakukwangua wala hakuchimba. Alilivika jino kofia ndogo ya chuma, akamwambia mtoto aume kwa nguvu, kazi ikaisha. Uozo wote umebaki ndani. Mama anauliza kama hii si ile ya funika kombe mwanaharamu apite.

Ndiyo, mama, ni hiyo hiyo. Na mwanaharamu anapita kweli.

Sitaeleza hapa jinsi sukari inavyotoboa meno. Mabango ya kliniki yameimaliza kazi hiyo. Kinachonivutia ni mambo yanayotokea gizani, chini ya kofia. (Vitabuni utakuta taji, lakini taji huvaa mfalme, na huyu ni mtoto anayelilia andazi. Nitabaki na kofia.)

Mkulima wa mahindi atanielewa haraka. Dumuzi akishaingia ghalani, zamani ungemwagia dawa, au ungekaa unapepeta na kuchambua hadi uchoke. Kisha ikaja mifuko isiyopitisha hewa. Unamwaga mahindi pamoja na dumuzi wake, unakamua hewa, unafunga mdomo wa mfuko kwa kamba kwelikweli. Humtoi mdudu hata mmoja. Anaendelea kupumua mpaka oksijeni iliyomo inakwisha. Anaacha kula, anaacha kutaga, anakufa huku amezungukwa na chakula. Punje aliyokwisha kuitoboa haiponi, ila tundu halikui. Hata wakibaki wawili watatu wanaohema, mkulima hana habari nao. Hofu yake ni panya, kwa sababu mfuko ukitobolewa mahali pamoja tu hewa inaingia na karamu inaanza upya.

Gego lililovikwa kofia ni mfuko huo, isipokuwa mdudu wa mahindi hunyimwa hewa, na bakteria wa jinoni hunyimwa sukari. Chai, soda, biskuti, vyote vinapita juu ya chuma. Bakteria kama Streptococcus mutans, ambaye kazi yake ni kugeuza sukari kuwa asidi, anabaki na majimaji machache yanayopenya kutoka ndani ya jino, na hayo hayamtoshi. Idadi inashuka, asidi inakatika. Badala ya panya, daktari huogopa ufa ukingoni mwa kofia, ndiyo maana huishika kwa glasi ionoma, saruji iliyobuniwa na Alan Wilson na Brian Kent huko London. Saruji hiyo haijibandiki tu. Inashikana kikemia na kalisi ya jino, tena inadondosha floridi kidogo kidogo.

Lakini gego lina kitu ambacho punje kavu haina: ndani yake mna kiini chenye damu na neva, na kuta za kiini hicho zimepangwa seli zilezile zilizoijenga dentini, ile nyama ngumu ya jino. Zikihisi asidi inakaribia, huanza kujenga tena. Zinapandisha ukuta mpya wa dentini kwa ndani, zikirudi nyuma taratibu. Ni mashindano ya mbio, na sukari ikiendelea kuingia, mara nyingi asidi hufika kabla ukuta haujasimama. Kofia inamfunga mkimbiaji mmoja miguu. Seli zinapata muda. Mirija midogo ya dentini inajaa madini na kuzibika, sehemu iliyolainika inakauka, inaiva rangi, inakuwa ngumu. Hata tabaka la ndani la uozo, ambalo zamani lingekwanguliwa lote, mara nyingi nyuzi zake za protini bado ni nzima, na madini yakirudi yana pa kushika. Mimi naona uzuri mkubwa hapo: daktari anafunga mlango, jino linajitibu.

Aliyelianzisha jambo hili ni Norna Hall, daktari wa meno wa kawaida wa Scotland, wala si profesa. Kati ya 1988 na 2001 aliwavika watoto 259 kofia 978, na taarifa ya kazi yake ikachapishwa 2006. Wenzake wengi hawakuipenda. Ndipo Nicola Innes na wenzake, huko Tayside, hukohuko Scotland, wakafanya jaribio: kila mtoto gego lake moja lilivikwa kofia, jingine likatibiwa kwa njia iliyozoeleka. Kwa watoto 91 waliofuatiliwa kwa miaka ipatayo mitano, magego yaliyoharibika vibaya, kwa jipu au kiini kufa, yalikuwa 3 upande wa kofia na 15 upande wa pili.

Wala wazo la kutolichimba jino halikutoka Ulaya peke yake. Katikati ya miaka ya 1980, hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno kwa zana za mkono tu, kwa kuwa mashine ya kuchimba inataka umeme, na vijijini umeme haukuwepo. Walikwangua kilicholainika, wakaziba, basi. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Siku hizi kuna pia dawa ya kupaka ya fedha na floridi, kutoka Japani, iliyoingia 2021 kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Inasimamisha uozo, ila inaiacha sehemu iliyooza nyeusi tii.

Kwa hiyo, mama, mwache binti na kofia yake. Wiki za kwanza ataona meno hayakutani sawasawa, yatazoeana. Gego likianza kumwamsha usiku, au fizi ikitoa kijipu, mrudishe upesi, maana hapo kofia haitoshi. Vinginevyo litang'oka lenyewe kati ya miaka 9 na 12, pamoja na kofia yake. Na ninyi wengine wenye watoto, wapelekeni kabla jino halijauma. Daktari akisema ling'olewe, muulizeni kwanza kama kiini bado kiko hai.