Waridi la jangwani halitaki kubembelezwa

Kiangazi kikikolea katika nyika za Tsavo na Baringo, vichaka vingi hubaki vijiti vitupu. Wakati huohuo kuna mmea mmoja mfupi, mnene chini na mwembamba juu, unaosimama kwenye mawe bila majani huku ncha za matawi yake zimejaa maua ya pinki. Wauza miche wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam huuita waridi la jangwani, au adeniamu, na huupanga kando ya barabara pamoja na mishubiri na kakti. Wanunuzi wengi hudhani umeletwa kutoka ng'ambo. La hasha, huu ni wa kwetu. Makao yake ya asili ni ukanda mkavu unaoanzia Senegali, ukapita Saheli hadi Afrika Mashariki, kisha ukavuka bahari mpaka Yemen na Oman, ambako katika milima ya Dhofar shina lake hunenepa ajabu.

Wanasayansi wa Ulaya waliufahamu kupitia Uarabuni. Pehr Forsskål, mwanafunzi wa mwanabotania Linnaeus, aliondoka Copenhagen mwaka 1761 pamoja na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Miaka miwili baadaye malaria ilimuua huko Yemen akiwa na umri wa miaka 31. Katika msafara ule wa watu sita ni Carsten Niebuhr peke yake aliyerudi hai, na ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwenzake mwaka 1775. Humo mna maelezo ya waridi la jangwani, ambalo Forsskål aliliweka kundi moja na oleanda. Leo lina kundi lake, lakini udugu aliouona ni wa kweli: adeniamu, oleanda na msanapichi ni wa ukoo mmoja. Kakti ni ukoo mwingine kabisa, na karibu zote asili yake ni Amerika.

Ukoo huu una utomvu wa kuogopwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huponda shina la adeniamu, hukamua maji yake na kuyachemsha mpaka yanakuwa kitu kizito cheusi, ambacho hupakwa kwenye mshale. Sumu hiyo huvuruga mapigo ya moyo wa mnyama. Kwa hiyo ukikata tawi nyumbani, vaa glavu, osha mikono kwa sabuni, na chungu kiwekwe mahali ambapo mtoto au mbuzi hafiki.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wenye bustani huulizana sana: mbona wangu hauchanui? Mara nyingi jibu ni kwamba unatunzwa mno. Mmea huu huhifadhi maji kwenye shina lake nene. Ukame ukiingia hudondosha majani, kwa sababu majani ndiyo yanayopoteza maji mengi, kisha hutumia akiba yake kutoa maua. Ukiuweka kivulini, ukaumwagilia kila siku na kuurundikia samadi, utapata majani ya kijani kibichi yaliyojaa, na maua hutayaona. Unataka jua kali la saa sita au zaidi kwa siku, mchanga mwingi uliochanganywa na changarawe au vipande vya matofali, na udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagiliwa tena. Pwani, masika ndiyo huiangamiza mingi, kwa hiyo mvua zikianza isogeze chini ya paa. Nairobi, baridi ya Juni hadi Agosti huulaza mmea, na maji ya wakati huo huozesha mizizi. Bonyeza shina kwa kidole gumba: likiwa gumu, hali ni njema, likiwa limenywea kidogo na ngozi yake ni kavu, lina kiu, likibonyea na kutoa maji yenye harufu, limeoza, na itabidi ukate mpaka ufike kwenye nyama safi.

Kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi, wakulima hodari hupogoa kabla ya msimu wa joto. Tawi moja lililokatwa huchipua matawi mawili au matatu, na kila moja hubeba kishada chake.

Lakini uzuri ninaoustaajabia zaidi umo ndani ya ua. Lichunguze kwa karibu. Utaona petali tano, pinki kali pembeni na hafifu kuelekea kooni, na katikati nyuzi ndefu zenye manyoya zikichomoza. Nyuzi hizo ni mikia ya sehemu za kiume, ambazo chini zaidi zimeungana zikafanya koni iliyofungwa. Chavua imefichwa ndani ya koni hiyo, na sehemu inayoipokea iko chini yake. Mdudu anayetaka mbochi hupenyeza ulimi wake katika upenyo mwembamba kati ya sehemu hizo, na anapouchomoa hutoka na chavua iliyonata. Mdudu asiye na ulimi wa kufaa hatoki na kitu. Ndiyo maana adeniamu ya bustanini huweza kuchanua miaka na miaka isizae hata tunda moja.

Mkulima basi hushika nafasi ya mdudu. Hupasua ua polepole, hufungua koni, huchukua chavua kwa ncha ya kijiti cha meno na kuipenyeza kwenye ua la mmea mwingine. Ikikubali, hutokea matunda mawili yaliyoungana kama pembe za ng'ombe, nayo huchukua miezi kadhaa kukomaa. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina kishungi cha nywele laini kwenye ncha zote mbili, na upepo ukiwahi hutaokota hata moja.

Jitihada hiyo ina faida. Thailand na Taiwan wamezalisha adeniamu za rangi na mikunjo ya kila namna, ambazo sasa zinauzwa dunia nzima, ilhali huku bado kuna watu wanaong'oa mimea mikubwa porini ili kuiuza. Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu hakuna haja nayo. Mbegu mbichi ikilazwa kwenye mchanga wenye unyevu na joto huota ndani ya wiki moja hivi. Mche wake huanza kunenepa chini ungali mdogo, jambo ambalo tawi la kupandikiza huchelewa sana kulifanya, na ukipata jua la kutosha huweza kutoa maua ya kwanza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Unaponunua, muulize muuzaji kama mmea wake umetokana na mbegu.