Kizunguzungu: Kipande cha sponji kinavyoweza kufichua hitilafu ya sikio

WENGI wanaopatwa na kizunguzungu hukimbilia kulaumu malaria, njaa au shinikizo la damu. Ni nadra mtu kulishuku sikio, hasa iwapo anasikia vyema. Hata hivyo, ndani kabisa ya kila sikio mna mirija mitatu yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka.

Ili tusiyumbe, tunategemea macho, hisia za miguu na kiungo hicho cha sikioni. Katika karne ya 19, daktari Mjerumani Moritz Romberg alieleza jinsi mgonjwa aliyepoteza hisia za miguu anavyoyumba mara afumbapo macho. Kipimo hicho kingali kinatumika, lakini mwenye hitilafu ya sikio aweza kukipita kwa kuwa miguu humwokoa.

Ndiyo sababu wataalamu humsimamisha juu ya sponji nene, macho yamefumbwa. Sponji huwa imeivuruga miguu, macho hayaoni, na sikio limeachwa peke yake. Katika uchunguzi wa kitaifa nchini Marekani kati ya 2001 na 2004, takriban asilimia 35 ya watu wazima wa miaka 40 na zaidi walishindwa kusimama hivyo kwa sekunde 30. Miongoni mwao, waliolalamikia kizunguzungu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka.

Msomaji asije akamsimamisha nyanya yake juu ya godoro! Kipimo hiki huhitaji mtu wa kumdaka, na kushindwa si ithibati kamili kuwa sikio ndilo lenye kasoro. Kizunguzungu cha ghafla kikiandamana na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, huenda ni kiharusi. Mgonjwa akimbizwe hospitalini.

Kwa anayezungukwa na dunia kila ajigeuzapo kitandani, kuna kipimo kilichoelezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike wa London mwaka 1952. Daktari humgeuza kichwa kando, humlaza chali upesi, kisha huyatazama macho. Yakichezacheza kwa muda mfupi, yaelekea chembechembe za chokaa zimeponyoka mahali pake na kuingia mirijani. Tiba yake kuu si vidonge: kichwa hugeuzwa hatua kwa hatua hadi chembe hizo zitoke mirijani, kazi ya dakika chache tu.