Je, Wajua? Barua pepe ya jirani ilipitia ughaibuni

Kabla ya mwaka 2002, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ya ng'ambo ya barabara iliweza kupaa hadi kwenye satelaiti, kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikapanda tena kurudi Kenya. Inauma kufikiria pesa zilizopotelea angani.

Sababu ni jinsi njia inavyochaguliwa. Ndani ya mtandao wa kampuni moja, ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza data, hupeana habari na kuchagua njia iliyo nyepesi zaidi. Baina ya kampuni na kampuni, ukaribu pekee hautoshi: kila mtandao huwatangazia majirani zake anwani zinazofikika kupitia kwake, na njia hufuata mikataba na bei. Watoa huduma wa intaneti wa Kenya hawakuwa wameungana wao kwa wao, walikutania ughaibuni.

KIXP, kituo chao cha kubadilishana data, kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa 2000, kikafungwa na mdhibiti wa mawasiliano baada ya wiki mbili hivi, kikarudi Februari 2002. Moyo wake ni swichi, nyaya za kampuni zinazoshindana zimechomekwa bega kwa bega. Safari ya milisekunde 1,200 hadi 2,000 ikashuka hadi 60 au 80.