Kufufua Gari la Kale: Kutoka Uani Hadi Barabarani



Katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Katuna na Mpondwe, si ajabu kuliona gari la zamani limeegeshwa uani, magurudumu yamezama udongoni na kuku wametaga juu ya kiti cha dereva. Wengi hupita wakaliona kuwa ni chuma chakavu. Wako wengine, vijana kwa wazee, wanaolitazama kwa jicho la fundi na kuona ndani yake mashine ya fahari inayongoja mkono wa kuiinua. Kazi hiyo ni njema. Humpa fundi ujuzi, humpa mwenye mali thamani, na huhifadhi kumbukumbu. Hata hivyo, ni kazi inayoweza kumpotezea mtu akiba yake yote, na hata kumfikisha mahakamani, iwapo itaanzia mahali pasipostahili. Katika makala haya tunaeleza hatua zake kwa mpangilio tunaouona kuwa salama.

Gari lenye historia ya kwetu

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari dogo la milango miwili na viti viwili lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili, na ujazo wake ni lita 2.4. Magurudumu ya mbele yana breki za diski, na ya nyuma yana breki za ngoma. Gari hili halikuwa geni Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, lilishinda mara mbili. Mwaka 1971 liliendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari lililoshinda mwaka 1971 lilihifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wake walilifufua likatembea tena kwa nguvu zake lenyewe.

Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, na hayo yameamsha hamu ya magari ya namna hii katika eneo letu. Hamu ikipanda, bei hupanda. Na bei ikipanda, walaghai nao hawakosi. Ndiyo sababu sisi polisi tunalizungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa gereji.

Karatasi kabla ya spana

Mnunuzi mwenye haraka huanza kwa kufungua boneti. Mnunuzi mwenye busara huanza kwa kuomba logibuku. Kitabu hicho hutaja mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Anayeuza awe ndiye anayetajwa humo, au awe na hati inayomuunganisha na anayetajwa humo.

Magari mengi ya kale ni ya watu waliokwisha kufariki. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mtoto mmoja wa marehemu anaweza kuliuza gari huku ndugu zake, pengine walioolewa au wanaoishi ng'ambo ya mpaka, hawana habari. Mnunuzi hulitengeneza kwa miaka miwili, na siku linapong'aa ndipo warithi wengine hujitokeza. Kisheria, mwenye uwezo wa kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa. Omba kuiona hati ya usimamizi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kisha andikeni mkataba wenye majina, tarehe, bei na namba zote mbili za gari, na ushuhudiwe na watu wazima wa pande zote mbili. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1 ni ushahidi mzuri wa makubaliano, ila haugeuki kuwa hati ya umiliki. Umiliki huhama pale jina linapobadilishwa katika daftari la usajili.

Namba zilizogongwa kwenye chuma

Baada ya karatasi, tazama chuma. Katika Datsun tuliyoitaja, namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, na namba ya injini imegongwa ubavuni mwa bloku. Namba hizo zilingane na zilizo katika logibuku, herufi kwa herufi. Kibati pekee hakitoshi, kwa maana kibati hufungwa kwa ribiti na chaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine.

Huo ndio mtindo wa wezi. Hununua mzoga wa gari lenye karatasi halali, wakachukua namba zake na kuzipandikiza kwenye gari lililoibwa nchi jirani. Anayedhani kwamba kusaga namba kwa jiwe la umeme huifuta kabisa anajidanganya. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini ya alama hukandamizwa na kubadilika tabia yake. Hata uso ukisagwa ukawa laini, mtaalamu akiupaka tindikali maalumu, alama ya zamani mara nyingi hujitokeza tena.

Kwa hiyo, ukiwa na shaka, lilete gari au namba zake kituoni kabla ya kununua. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina hifadhi ya taarifa za magari yaliyoibwa, na ofisi yake ya kitaifa iliyopo Kampala inaweza kuitazama. Vilevile polisi wa nchi zetu hushirikiana kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa mwaka 1998. Gari lililoibwa upande mmoja wa mpaka halisafishiki kwa kuvuka tu.

Na wewe fundi, tahadhari. Kutu ikila sehemu yenye namba, usiikate wala kuichomelea kabla ya kumwita mkaguzi. Kazi iliyofanywa kwa nia njema, bila kumbukumbu, haitofautiani machoni pa sheria na kazi ya mwizi. Piga picha kila hatua na uhifadhi risiti ya kila kipuri.

Mpaka na kalenda

Wakazi wa mpakani wana desturi ya kupeleka gari kwa fundi hodari bila kujali yuko nchi gani. Desturi hiyo ina mtego wake. Gari la nchi jirani huingia kwa kibali cha muda cha forodha, na kibali hicho kina tarehe ya mwisho. Lakini kufufua gari la kale si kazi ya wiki mbili. Gari lililoingia kihalali likabaki gerejini baada ya kibali kwisha huhesabiwa kuwa limevunja masharti, na forodha wanaweza kulikamata, hata likiwa halina injini. Basi omba nyongeza ya muda kabla ya tarehe kufika, au peleka kipuri badala ya gari zima: injini yaweza kuvushwa kwa karatasi zake na kurudishwa ikiwa imetengenezwa.

Anayekusudia kuliingiza gari moja kwa moja akumbuke kwamba kila nchi ina kikomo chake cha umri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache zilizotajwa. Usidhani kwamba ukale wa gari lako unalisamehe. Waulize forodha kwanza, na upate jibu kwa maandishi.

Kutu, injini na breki

Sasa tufike gerejini. Adui wa kwanza ni kutu. Chunguza sakafu, vizingiti vya chini ya milango, sehemu inayobeba betri na pembe za nyuma ya milango, maana maji hujikusanya huko. Pitisha sumaku juu ya rangi. Pale inapokataa kushika, chini yake pamejazwa udongo wa kuzibia badala ya bati. Kizingiti kilichooza hukunjika gari likigonga, na milango ikagoma kufunguka.

Injini iliyolala miaka mingi isiwashwe kwa pupa. Toa plagi, tia mafuta kidogo ndani ya kila silinda, uyaache yapenye, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili na maji ya rejeta, safisha tangi, na umwage petroli ya zamani mbali na moto na mbali na visima. Jua pia kwamba petroli yenye risasi ilikwisha kuondolewa sokoni katika eneo letu ilipofika mwaka 2006. Baadhi ya injini za kale zenye vichwa vya chuma zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu, hivyo fundi avikague.

Tunaloliwekea mkazo zaidi ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo hutia kutu ndani ya silinda. Mipira hukauka, mabomba laini hupasuka. Gari linaweza kusimama vizuri uani kwa mwendo wa miguu, likakataa kusimama kwenye mteremko wenye malori. Kwa hiyo badilisha mipira yote, mabomba laini yote na mafuta yote, hata kama yanaonekana mazima. Usipunguze gharama hapa ili upate fedha za rangi.

Tairi nazo huzeeka zikiwa zimesimama. Tazama tarakimu nne za mwisho zilizoandikwa ubavuni: 3519 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2019. Tairi yenye tarakimu tatu tu ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na haifai barabarani hata ikiwa na meno mapya.

Siku ya kurudi barabarani

Kabla ya kutoka, fikisha gari kwa Mkaguzi wa Magari. Ikiwa injini au rangi imebadilika, mabadiliko hayo yaandikwe kwenye usajili kwanza. Bima ya mtu wa tatu ni lazima. Ukikusudia kuvuka mpaka, chukua Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa katika nchi jirani, ikiwemo Tanzania.

Kumbuka pia kwamba Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Taa za gari letu zikiwa chini hutupa mwanga zaidi kushoto, na huko ng'ambo mwanga huo humwingia machoni anayekuja mbele. Usivuke usiku kabla hazijarekebishwa au kuzibwa sehemu hiyo.

Mwisho, majaribio ya mwendo yasifanyike katika barabara za vijiji. Gari la michezo huvuta watoto kama sherehe ivutavyo, nao hukimbilia kando ya njia ili walione. Dereva wa mashindano alifungiwa barabara, wewe hukufungiwa.

Ndugu wananchi, yeyote mwenye gari la kale na karatasi zenye utata, au aliyeuziwa gari akaanza kutilia shaka namba zake, afike katika dawati la uhusiano na jamii la kituo kilicho karibu. Anayekuja mwenyewe mapema huonekana kuwa mnunuzi aliyedanganywa. Anayengoja akamatwe kizuizini huwa na maelezo mengi zaidi ya kutoa.