Bwana wa Zamani na Bwana Mpya

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, akaanzisha kijiji cha Kikristo Masasi. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara walikivamia, wakateka watu. Baada ya hapo kituo kipya kikafunguliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde.

Mama mpenzi, hebu fikiri: aliyeonja mnyororo akisikia watekaji wanakuja, atawapokea kwa vigelegele? Hasha! Anaweza kukamatwa tena, lakini hawezi kuwapenda.

Ndivyo alivyo mwamini mbele ya dhambi. Huweza kuanguka, ila hapati raha pale alipoangukia. Msimu wa korosho, akina mama wawili wanaficha korosho mbovu katikati ya gunia. Mmoja husema, "Mbona wote wanafanya," na Jumapili anaimba kwaya. Mwingine hukosa usingizi. Kukicha huenda akaungama, akarudisha fedha. Wote wamebatizwa. Wote wamekosa. Ni yupi aliye huru?

Lakini kuchukia dhambi peke yake hakutoshi. Wengine huchukia aibu tu, au dhambi za jirani. Anayemjua Kristo, akikosa, humkimbilia wala hamkimbii. Kwake Yeye ni Mkombozi, si askari wa kumkamata.

Basi usiku huu, watoto wakiisha kulala, jiulize: Nikikosa, moyo wangu huuma au umezoea? Na ukiuma, nakwenda kwa nani?